Sauti Iliyokosa Mahali

Katika vikao vya korali zetu swali moja hurudi kila mwaka: tununue nini? Na kila mwaka jibu huwa ni lile lile: gitaa jipya, kinanda, kipaza sauti kikubwa. Hatujasikia hata mara moja kijana akisimama kuomba mkanda wa begani, au uma wa kupimia sauti, au kile kibanio cha shingo ya gitaa ambacho wapigaji hukiita kapo. Ni vitu vidogo mno. Vyote kwa pamoja havijazi kikapu cha sokoni. Sisi nasi, wapiga gitaa watatu wa korali ya parokia moja ya Opala, tulividharau kwa muda mrefu. Leo tunaandika ili tuwaeleze dharau hiyo ilitugharimu nini, na zaidi ya hapo, ilimgharimu nini mwenzetu ambaye hakuwa na kosa lolote.

Gitaa letu lilitoka Kisangani. Waamini walichanga walichokuwa nacho: huyu mpunga, yule mafuta ya mawese, mwingine kuku. Tulipopata fedha za kutosha tulimtuma mfanyabiashara anayesafiri kwa maji. Kutoka Kisangani chombo hushuka mto Kongo hadi Isangi, na hapo huingia Lomami na kuupanda dhidi ya mkondo mpaka kufika kwetu. Gitaa lilifika limefungwa kwa mifuko ya plastiki kama mtoto aliyekingwa mvua. Tulilipokea kwa nyimbo. Lilikuwa na nyuzi sita na si kitu kingine: hakuna mkanda, hakuna nyuzi za akiba, hakuna mfuko wa kulihifadhia. Hakuna aliyeuliza. Tuliamini kwamba tumepata kila kitu.

Uzi mwembamba kuliko yote ulikatika kabla ya miezi miwili kwisha. Tuliunganisha kwa fundo karibu na kigingi, mahali ambapo vidole havifiki, ukaendelea kutumika kwa Jumapili kadhaa. Ulipokatika tena tulifanya walivyofanya wengi kabla yetu: tulifumua waya wa breki ya baiskeli, tukachomoa uzi mmoja wa chuma, tukaukaza. Hatukuona haya. Katika nchi yetu watu wakubwa wameanzia hapo. Luambo Makiadi, ambaye dunia inamfahamu kwa jina la Franco, aliyezaliwa Sona Bata mwaka 1938, husimuliwa kwamba akiwa mtoto alijiundia gitaa la kopo na nyaya za umeme zilizovuliwa plastiki, akalipiga sokoni penye biashara ya mama yake. Umaskini wa nyuzi haukumzuia.

Lakini kopo la mtoto ni kitu kimoja, na gitaa la mbao nyepesi ni kitu kingine. Gitaa letu lilikuwa limeundwa kwa nyuzi za nailoni, ambazo huvuta kwa upole. Chuma huvuta kwa nguvu kubwa zaidi. Tulipokwisha kufunga nyuzi tatu za chuma, kile kipande cha mbao kilichogundishwa kifuani mwa gitaa, ambacho nyuzi hufungwa juu yake, kilianza kuinuka taratibu kama ukucha ulioumia. Seremala wa kijiji alikirudisha kwa gundi na mawe ya kukandamiza. Hapo tukajifunza somo la kwanza: usiulize tu kama uzi unalia, uliza kama chombo kinaweza kuubeba. Tangu siku hiyo anayekwenda Kisangani hupewa fedha kidogo za nyuzi za nailoni, nasi huzifuta kwa kitambaa kikavu kila tumalizapo kupiga, kwa sababu jasho la vidole na unyevu wa msitu wetu havimhurumii mtu.

Somo la pili lilitoka kwa mzee katekista. Katika misa moja wimbo ulipotea njia. Kufikia ubeti wa tatu korali na gitaa walikuwa kama watu wawili wanaotembea pande mbili za mto. Baada ya misa tuliwakaripia dada wa sauti ya kwanza: tuliwaambia kwamba wanateremka, kwamba hawasikilizi. Mzee alitoa kutoka sandukuni uma wa chuma wenye meno mawili, aliopewa zamani alipokuwa akijifunza kufundisha nyimbo. Aliugonga gotini, akaweka kishikio chake juu ya ubao wa gitaa, na sauti moja safi ikajaa chumba. Ilikuwa La, ile inayotetemeka mara 440 kwa sekunde, ambayo wanamuziki wa dunia nzima wamekubaliana kupimia vyombo vyao. Kisha akapiga uzi wetu wa tano, ambao nao ni La, chini zaidi. Tukasikia wenyewe. Gitaa lilikuwa limeshuka kwa karibu nusu-toni. Dada zetu walikuwa wamesimama pale pale tulipowaanzisha. Sisi ndio tulioteremka.

Akatufundisha pia kusikiliza mawimbi. Nyuzi mbili zinazokaribia kulingana, zikipigwa pamoja, hutoa mtikisiko: wau, wau, wau. Kadiri unavyozilinganisha, mtikisiko hupungua mwendo, na siku zinapopatana hutulia kabisa. Leo wapo wenye vipima-sauti vidogo vya betri vinavyobanwa kichwani mwa gitaa, ambavyo husoma mtetemo wa mbao yenyewe na kwa hiyo havibabaishwi na ngoma wala na maongezi ya watu. Wapo pia wenye programu ya simu, ingawa hiyo husikiliza kwa maikrofoni na huchanganyikiwa penye kelele. Vyote ni vyema. Lakini kwetu sisi uma wa mzee ulifanya kazi nyingine kubwa kuliko kupima nyuzi: ulionyesha kosa lilikuwa kwa nani.

Ingekuwa vizuri kama tungelielewa somo hilo mara moja. Hatukulielewa.

Palikuwa na dada mmoja katika korali yetu aliyetamani kuimba zaburi. Hakuwa msemaji sana. Alijua maneno yote, na zaidi ya kuyajua aliyaamini. Mtu aliyekaa karibu naye aliweza kusikia hivyo. Tulimjaribu siku ya mazoezi, mbele ya wote. Tulianza katika toni ya Do. Alipofika juu sauti yake ilipasuka, na wadogo wakacheka. Tukashuka hadi Sol. Huko chini maneno yake yalizama, ngoma ikayafunika. Tulimjaribu tena katika Do, tena katika Sol. Hatimaye mmoja wetu akasema, na sisi wengine wawili hatukumpinga: «Dada, sauti yako haina mahali.»

Alirudi kukaa kwenye benchi. Jumapili iliyofuata hakuja kuimba. Baadaye aliacha pia mazoezi. Tulisema kwamba amekasirika, na kwamba mtu mwenye hasira hawezi kumwimbia Mungu. Ndivyo mtu anavyojitetea akiwa hataki kujichunguza.

Sasa tuwaeleze ukweli ambao wakati ule tuliuficha hata kwa nafsi zetu. Kwa nini Do na Sol? Si kwa sababu zaburi ile iliandikwa katika toni hizo. Ni kwa sababu vidole vyetu havikujua nyingine. Anayejifunza gitaa bila mwalimu huwa na toni mbili za nyumbani, naye huzunguka humo kama mbuzi aliyefungwa kamba. Kati ya Sol na Do iliyo juu yake kuna sauti nne nyingine, nusu-toni kwa nusu-toni. Kwetu zilikuwa msitu usio na njia. Kwa hiyo tuliposema kwamba sauti ya dada haina mahali, tulipaswa kusema: sisi hatujui kufika mahali ilipo.

Tuliyajua haya katika matanga. Mzee mmoja wa kijiji alikuwa amefariki, na wajukuu wake walikuja kutoka mbali. Mmoja wao alikuwa mpiga gitaa katika korali ya mjini. Usiku, watu walipokuwa wameuzunguka moto, mjane alianza kuimba wimbo wa maombolezo, kwa sauti ya mwanamke mzee aliyelia siku tatu. Sisi tulikuwa na gitaa, lakini hatukuweza kumfuata. Kila tulipogusa nyuzi tulikuwa nje. Yule mjukuu akatuomba gitaa kwa heshima. Hakumwambia bibi yake aanze upya, wala hakumwuliza anaimba toni gani. Alikaa kimya na kumsikiliza ubeti mzima. Kisha akatoa mfukoni penseli fupi na kipande cha mpira wa baiskeli. Aliilaza penseli juu ya nyuzi zote sita, shingoni mwa gitaa, akaifunga kwa mpira. Alijaribu kwa sauti ndogo, akaisogeza nafasi moja, akajaribu tena. Halafu akapiga, kwa vidole vile vile vya Sol tunavyovijua sisi, na gitaa likaingia chini ya sauti ya bibi kama mkono unaomshika mtu asianguke.

Mjane hakugeuka kumtazama. Aliendelea kuimba, ila sasa hakuimba peke yake.

Hatukulala vizuri usiku ule. Asubuhi kijana alitueleza kazi ya kapo. Shingo ya gitaa imevukwa na vyuma vyembamba. Kila nafasi kati ya chuma na chuma hupandisha sauti kwa nusu-toni. Kapo ni kidole cha nyongeza kinachobana nyuzi zote kwa pamoja. Ukikiweka katika nafasi ya pili na kupiga vidole vya Sol, inayosikika ni La. Katika nafasi ya tatu husikika Si bemol, toni ambayo bila kapo hudai kidole cha shahada kilale juu ya nyuzi zote na kuzikandamiza wimbo mzima. Alitufundisha pia adabu zake: kiwekwe karibu na chuma, si katikati ya nafasi, la sivyo nyuzi zitakoroma, kisikazwe kupita kiasi, maana nyuzi zitapanda na gitaa litatoka katika mapatano, na baada ya kukifunga, lisikilizwe gitaa upya kabla ya kuanza. Kapo halisi la chuma lenye mpira na springi hufanya kazi hiyo kwa sekunde moja. Penseli huifanya kwa dakika mbili. Tofauti ni hiyo tu.

Jioni hiyo tulikwenda nyumbani kwa dada yule. Mama yake alitukaribisha, akatupa viti, akaendelea kutwanga sombe bila kutusaidia kuanza mazungumzo. Tulisema tulichokuja kusema. Dada alisikiliza, kisha akajibu taratibu: «Kaka zangu, mliniambia sauti yangu haina mahali, nami niliwaamini, kwa sababu ninyi ndio mlioshika chombo. Tangu siku ile huimba mtoni tu, kukiwa hakuna mtu.» Hatukuwa na la kujibu. Akaongeza: «Nitarudi, lakini msinipime tena mbele ya watu.»

Basi tulimpimia pale uani, au tuseme kwa haki, tulilipima gitaa. Yeye aliimba, sisi tukasogeza penseli. Nafasi ya kwanza: bado chini. Ya pili: karibu. Ya tatu: mama yake aliacha kutwanga. Mahali pa sauti ile palikuwa nafasi tatu tu juu ya vidole tulivyokuwa navyo siku zote. Upana wa viganja viwili vya mtoto ndio uliomweka nje ya korali karibu mwaka mzima.

Aliimba zaburi katika sikukuu ya Mtakatifu Sesilia, mlinzi wa wanamuziki, tarehe 22 Novemba. Hatuwezi kusema kwamba kanisa zima lilitoa machozi. Watu waliitikia vizuri, na misa ikaendelea. Kwetu hilo lilitosha.

Lakini haki inatudai tuseme pia jambo ambalo halikurekebishwa. Kabla ya dada huyo tulikuwa tumemwambia kijana mmoja maneno yanayofanana na hayo. Yeye alikwenda kutafuta riziki machimboni. Tumemtumia salamu mara mbili kwa watu wanaopita njia ile. Jibu halijafika. Huenda anaamini mpaka leo kwamba hana sauti, na sisi ndio tuliomfundisha imani hiyo.

Vijana wapenzi, kumbukeni kwamba hata gitaa lenyewe liliwahi kukosa mahali. Mwaka 1903, katika tarehe ile ile ya Mtakatifu Sesilia, Papa Pio wa Kumi alitoa maagizo juu ya muziki mtakatifu yaliyokataza kanisani piano, ngoma na vyombo vingine vilivyohesabiwa kuwa vya kelele. Miaka 60 baadaye, tarehe 4 Desemba 1963, Mtaguso wa Pili wa Vatikano ulipotoa hati ya liturujia, Sacrosanctum Concilium, uliiheshimu ogani, lakini ukaruhusu pia vyombo vingine vikubaliwe kwa idhini ya wenye mamlaka, mradi vifae kwa ibada na kuwajenga waamini. Na tarehe 30 Aprili 1988 Roma iliidhinisha misale ya majimbo ya Zaire, ambayo ndani yake ngoma, nyimbo na mwendo wa mwili wa watu wetu vina nafasi yake. Sisi tunaopiga gitaa mbele ya altare ni watoto wa mlango uliofunguliwa. Ni aibu mtu aliyefunguliwa mlango kuufunga nyuma yake.

Wapo watakaosema kwamba kapo ni fimbo ya wavivu, na kwamba mpigaji wa kweli hujifunza toni zote kwa vidole vyake. Hatupingi kujifunza, tangu siku ile sisi wenyewe tunajitahidi kulaza kidole cha shahada, na kinauma. Lakini zaburi ya Jumapili hii haitasubiri mpaka tuhitimu. Tena, wapigaji wakubwa hawakuona haya kupiga kwa kile walichokuwa nacho. Mwenda Jean-Bosco, mzaliwa wa Bunkeya, ambaye Hugh Tracey alimrekodi huko Jadotville, Likasi ya leo, mwaka 1952, alipiga kwa vidole viwili tu vya mkono wa kuume, gumba na cha shahada, na wengine walipomsikiliza walidhani kuna magitaa mawili. Msaada mdogo hauharibu muziki. Kinachouharibu ni kiburi cha anayekataa msaada, halafu akamtwika mwingine lawama.

Kwa korali zilizo na fedha kidogo, haya ndiyo tunayoyashauri. Kwanza, nyuzi za akiba zinazofaa aina ya gitaa lenu, na kitambaa cha kuzifutia. Pili, uma wa sauti au kipima-sauti. Tatu, mkanda wa begani, hata kama ni wa kikwembe kilichokunjwa na kushonwa mara mbili. Anayepiga akisimama, mikono ikiwa huru, humwona mwongozaji na huweza kutembea pamoja na maandamano ya matoleo, tofauti na yule aliyeinama akiliegemeza gitaa gotini. Nne, kapo, na kama halipatikani, penseli na mpira. Tano, mfuko wa kulikinga gitaa dhidi ya mvua na vumbi. Hayo yote hugharimu pungufu ya gitaa jipya, nayo hulifanya gitaa la zamani limtumikie kila mmoja.

Bado tunayo ile penseli. Tulipata kapo halisi mwaka uliofuata, zawadi ya yule mjukuu, lakini penseli tumeiacha ndani ya mfuko wa gitaa kwa makusudi. Anayejiunga nasi leo huonyeshwa kwanza hiyo, kabla ya kufundishwa Do wala Sol.

Maswali ya kutafakari katika kikundi:

1. Katika kikundi chetu, ni nani aliyeambiwa kwamba hana mahali? Je, tulimsikiliza ubeti mzima kabla ya kusema hivyo?

2. Tunapokosana, je, tuna «uma» wa kupimia, ili tujue ni nani aliyeshuka, au humlaumu yule asiyeshika chombo?

3. Ni msaada gani mdogo, usiogharimu zaidi ya penseli na kipande cha mpira, tunaoweza kuutoa wiki hii ili mwenzetu mmoja arudi?